Mikono Miwili, Mshale Mmoja

Chomeka kipanya cha pili kwenye kompyuta ya mezani, iwe ya saiba mjini Busia au ya maabara ya shule huko Tororo, na kwenye skrini hutaona jipya. Mashine italia mlio wake mfupi, itajitafutia draiva kwa sekunde chache, kisha kimya. Mshale utabaki mmoja. Ukisukuma kipanya cha kwanza, unakwenda. Ukisukuma cha pili, unakwenda vilevile. Wakisukuma watu wawili kwa pamoja, huyu kulia na yule kushoto, mshale unatetemeka papo hapo na haufiki kokote. Wengi hukichomoa wakasema mashine imekataa. Haikukataa chochote. Imevipokea vipanya vyote viwili na kuvifanya kimoja.

Kwa hiyo suala la kuongeza kipanya lina sehemu mbili, na ile inayoulizwa zaidi ndiyo nyepesi. Kuchomeka ni kazi ya nusu dakika. Kinachohitaji akili ni kujua nani atakuwa na neno juu ya mshale vipanya vikiwa viwili, na jambo hilo linatugusa sisi wa mpakani kuliko ofisi kubwa za Kampala au Nairobi, ambako mfanyakazi hufunga mlango na kompyuta yake. Huku kwetu, kutoka Busia zote mbili, ya Kenya na ya Uganda, kupitia Malaba hadi Tororo mjini, skrini moja hutazamwa na watu wawili watatu: mhudumu na mteja wake, wakala wa forodha na bosi wake, wanafunzi wanne kwenye benchi moja.

Mshale mmoja haukuandikwa kwenye jiwe. Kipanya kilibuniwa na Douglas Engelbart, na mwenzake Bill English akaunda cha kwanza mwaka 1964, katika taasisi ya utafiti ya Stanford huko Marekani. Tarehe 9 Desemba 1968 Engelbart alikionyesha mbele ya hadhira mjini San Francisco. Katika onyesho lile lile aliunganishwa na mwenzake aliyekuwa Menlo Park, kilomita zipatazo 50 kutoka pale, wakatazama maandishi yale yale, kila mmoja akiwa na alama yake kwenye skrini. Ya mwenzake iliweza kuonyesha tu; mamlaka ya kuendesha yalibaki kwa Engelbart. Yaani siku watu walipokiona kipanya hadharani walikiona pia cha pili, na waliona kwamba vipanya viwili havina lazima ya kuwa sawa kwa madaraka. Halafu wazo hilo likawekwa kando. Alto ya Xerox mwaka 1973, Lisa ya Apple mwaka 1983 na Macintosh mwaka uliofuata zilitengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja kwenye meza moja, na mifumo endeshi iliyokuja baadaye ikarithi mazoea hayo.

Kilichobadilika tangu hapo ni matundu. Kompyuta kuukuu ambazo bado zinapiga kazi katika shule zetu zina tundu la duara la rangi ya kijani, PS/2, lililoletwa na IBM mwaka 1987. Tundu hilo hubeba kipanya kimoja, na ukikichomeka mashine ikiwa tayari imewaka, huenda kisitambuliwe mpaka uizime na kuiwasha upya. Waliotumia mfumo endeshi wa Linux enzi hizo wanajua kwamba kipanya cha pili kilidai ufungue faili la mipangilio na kuandika kwa mkono sehemu ya kila kifaa, na herufi moja ikikosewa unaachwa ukikodolea macho skrini nyeusi. USB, iliyotoka mwaka 1996, ilifuta taabu hiyo. Leo sipiyu yenye tundu la kijani na matundu manne ya USB hupokea kipanya cha aina hii na cha aina ile kwa wakati mmoja bila kelele. Ugomvi umehamia juu, kwenye mshale.

Kwa anayefanya kazi peke yake hakuna ugomvi wowote, na hapo kipanya cha pili ni baraka tupu. Padi ya mguso ya laptopu imekufa? Chomeka kipanya cha USB uendelee na kazi. Kifundo cha mkono wa kulia kinauma baada ya kutwa nzima ya kujaza fomu? Weka cha pili kushoto, ubadilishe mkono kila saa. Aliyepooza upande mmoja baada ya kiharusi anaweza kutumia kifaa cha aina nyingine, ule mpira unaoviringishwa kwa kidole gumba bila kusogeza mkono, huku anayemsaidia akishika kipanya cha kawaida. Katika hali zote hizi kuunganishwa kwa vipanya ndiko kunakotakiwa.

Kuna mtego mmoja wa kuujua kabla. Kwenye Windows, mpangilio wa kugeuza vitufe kwa ajili ya mtu anayetumia mkono wa kushoto huvihusu vipanya vyote, vivyo hivyo kasi ya mshale. Ukigeuza kwa ajili ya mkono wa kushoto, wa kulia nao umegeuziwa. Anayetaka kubadilisha mikono mchana kutwa ni heri aviache vitufe vilivyo na auzoeze mkono wa kushoto kubofya kwa kidole cha kati. Linux humruhusu mtu kukipa kila kipanya mipangilio yake, kasi na vitufe, na kwa mtumiaji wa namna hii hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuhama.

Sasa tuje kwa watu wawili.

Saiba ya mpakani siku hizi si mahali pa kusoma barua pepe. Simu zimeichukua kazi hiyo. Anayeingia anafuata fomu: upande wa Kenya, huduma za eCitizen na kodi za KRA, upande wa Uganda, namba ya mlipa kodi ya URA au ombi la pasipoti. Mteja huketi kando, mhudumu akaandika, na mazungumzo yakawa hivi: “Mama, jina la katikati ni hili?” “La, hilo ni la baba yangu, angalia juu.” “Wapi, hapa?” “Juu zaidi, kijana wangu, hapo.” Kidole cha mteja kinagusa kioo, kinaacha alama ya vumbi, na bado mhudumu hajui ni mstari upi. Kipanya cha pili mbele ya mteja kinamaliza maelekezo hayo yote. Mteja anapeleka mshale kwenye kosa lenyewe, mhudumu anabofya na kusahihisha. Na kwa kuwa mshale ni mmoja, wakati wowote mhudumu anaweza kuurudisha mkononi mwake.

Nadhani haya ndiyo matumizi bora zaidi ya kipanya cha pili katika mji kama Busia, ingawa sijaona yakitangazwa na mtu yeyote. Yana hatari moja tu: mteja asiyezoea anaweza kubofya kitufe cha kutuma kabla ya wakati. Dawa yake ni utaratibu. Mhudumu amwambie mteja mapema kwamba chake ni cha kuonyesha, na ukurasa wa malipo ukifika, kigeuzwe juu chini mezani. Kipanya cha mwanga kikigeuzwa hivyo hakisukumi mshale wala hakibofyi kitu kwa bahati mbaya.

Katika ofisi za mawakala wa forodha mambo ni mazito zaidi. Tangu mwaka 2014, nchi za Afrika Mashariki zilipoanza kutekeleza Himaya Moja ya Forodha, nyaraka za mzigo hushughulikiwa kabla lori halijafika mpakani, na upande wa Uganda kazi hiyo hupita kwenye mfumo wa ASYCUDA World. Namba ya bidhaa ikikosewa tarakimu moja, lori linaweza kulala Malaba. Ni kawaida basi mwenye uzoefu kusimama nyuma ya kijana anayejaza, akielekeza kwa kalamu. Kumpa mwenye uzoefu kipanya chake kunaonekana jambo la busara.

Lakini hapa kuna suala la dhamana. Tamko la forodha hujazwa kwa jina la mtumiaji aliyeingia kwenye mfumo, na mfumo huandika kwamba yeye ndiye aliyetenda. Kompyuta yenyewe ina uwezo wa kutofautisha vipanya. Tangu Windows XP ya mwaka 2001, programu ikitaka inaweza kuuliza mbofyo huu umetoka kwenye kifaa kipi. Kivinjari hakiulizi. Mifumo ya kodi haiulizi. Bosi akibofya kwa kipanya chake, kumbukumbu zitasema kijana ndiye aliyebofya, na siku ya ukaguzi kijana ndiye atakayeitwa. Anayetaka kuona mpango uliofikiriwa vizuri zaidi avuke barabara aingie kwenye kituo cha pamoja cha mpakani, kile ambacho marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walikizindua Busia tarehe 24 Februari 2018. Msafiri anayetoka Kenya hasimami upande wa Kenya. Huvuka moja kwa moja na kuwakuta maofisa wa nchi zote mbili ndani ya jengo moja upande wa Uganda. Lakini kila ofisa ana mhuri wake na mfumo wake, na aliyekugongea mhuri wa kutoka hachanganywi na aliyekugongea wa kuingia. Vipanya viwili kwenye mshale mmoja ni maofisa wawili wanaotumia mhuri mmoja. Kwa kuonyesha, havina neno. Kwa kutia sahihi, sivyo.

Shuleni ndiko suala hili lina kina, na ndiko watafiti wamelichimba zaidi.

Uganda, somo dogo la TEHAMA limekuwa sehemu ya masomo ya kidato cha tano na sita tangu 2012, na mtihani wake una karatasi ya vitendo. Kenya, somo la kompyuta katika mtihani wa kidato cha nne nalo lina vitendo pamoja na mradi. Maabara nyingi za sekondari za Uganda zilipata mashine kupitia mfuko wa mawasiliano ya vijijini wa tume ya mawasiliano ya Uganda, UCC, ulioanza mwaka 2003. Kenya, shirika la Computers for Schools Kenya limekuwa likikarabati na kusambaza kompyuta zilizotumika tangu 2002. Shule za msingi za Kenya zilifuata njia nyingine: kuanzia 2016 zilipewa vishikwambi vya kugusa kwa kidole. Kwa hiyo mtoto anaweza kufika sekondari akijua skrini vizuri sana na asiwe amewahi kushika kipanya.

Kila aliyewahi kuingia maabara yenye mashine chache anajua picha ilivyo. Wanafunzi wanne, kompyuta moja. Mmoja ameshika kipanya, wa pili anaelekeza kwa sauti, wa tatu anatazama, wa nne anaangalia dirishani. Aliyeshika mara nyingi ndiye aliyeshika wiki iliyopita. Watafiti wa Microsoft huko India, Udai Singh Pawar, Joyojeet Pal na Kentaro Toyama, walikuta hali hiyo hiyo katika shule za vijijini kwao, na mwaka 2006 wakachapisha pendekezo lililo rahisi kushangaza: kila mtoto apewe kipanya chake na mshale wake wenye rangi yake, kompyuta ikiwa ni ile ile moja. Kipanya ni sehemu ndogo sana ya bei ya kompyuta. Microsoft ikalichukua wazo, ikatoa zana za kuwawezesha waandishi wa programu kutengeneza masomo ya vipanya vingi, na mwaka 2010 ikaongeza programu ndogo ya kuuliza maswali darasani kupitia PowerPoint, iitwayo Mouse Mischief.

La kuzingatia zaidi ni utafiti uliofuata, wa mwaka 2007, ambao ulilinganisha namna mbili za kutumia vipanya hivyo kujifunza maneno ya Kiingereza. Katika ya kwanza, mtoto wa kwanza kubofya jibu sahihi ndiye aliyesogeza mchezo mbele. Ikawa mbio. Watoto, hasa wavulana, walibofya ovyo kabla hawajasoma, na waliyojifunza yakapungua. Katika namna ya pili, mchezo haukusonga mpaka wote wakubaliane kubofya jibu moja. Hapo wakalazimika kusemezana, na matokeo yao yakakaribia ya watoto waliopewa kompyuta nzima kila mmoja. Vipanya vilikuwa vile vile, mashine ile ile. Kilichotofautiana ni kanuni ya nani ana neno.

Hatuna haja ya kwenda India kupata onyo la namna hii. Mwaka 1996, katika wilaya za Busia na Teso za wakati huo, ng’ambo tu ya Tororo, shirika la Kiholanzi ICS liligawa vitabu vya kiada kwa shule 25 za msingi kati ya 100 zilizochaguliwa, na wachumi Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin wakafuatilia alama za watoto. Wastani haukupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa tayari wanaongoza darasani, kwa kuwa vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa watoto wengi, na vingi vilikuwa vigumu mno kwao. Mwaka uliofuata yakaja majaribio ya chati kubwa za kufundishia katika shule 178, nusu zikizipata. Ukilinganisha tu shule zilizokuwa na chati na zisizokuwa nazo, chati zilionekana kusaidia sana. Zilipogawiwa kwa namna ambayo shule zenye chati na zisizo nazo zilikuwa sawa tangu mwanzo, faida ikatoweka. Mwaka 2019 Kremer alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo kwa kazi za aina hiyo, na sehemu kubwa ya sifa yake ilianzia katika madarasa haya ya kwetu, yenye sakafu za udongo.

Ninayataja haya kwa sababu kipanya cha pili kinaweza kupita njia ile ile ya vitabu na chati. Kwenye benchi la wanafunzi wanne, ukiongeza kipanya ukaviacha viwili vishindane juu ya mshale mmoja, cha pili kitachukuliwa na mwanafunzi wa pili kwa ujasiri, na yule wa dirishani atabaki dirishani. Programu nyingi wanazofungua ni za Kiingereza. Asiyejua maana ya kilichoandikwa kwenye kitufe hasaidiwi na kuwa na mkono wa kukibofya. Na shule zitakazojaribu kwanza zitakuwa zile zenye mwalimu wa TEHAMA mwenye bidii, kwa hiyo zitafaulu, na tutasema ni vipanya. Toyama mwenyewe, aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa wazo hili, baadaye aliandika kitabu, Geek Heresy, mwaka 2015, akishikilia kwamba teknolojia hukuza nguvu za watu na taasisi zilizopo na haiwezi kuziba pengo la zisizokuwapo. Sikubaliani naye katika kila jambo, lakini katika hili benchi la wanafunzi wanne linampa haki.

Je, mishale miwili ya kweli inapatikanaje? Kwenye Windows, yenyewe haitoi. Zana za Microsoft za vipanya vingi hazitengenezwi tena, na zilizopo sasa ni programu za kampuni ndogo zinazochora mishale ya ziada juu ya ule wa kawaida. Chini yake mfumo bado una mshale mmoja, kwa hiyo programu hizo huupitisha kwa zamu za haraka kutoka kwa mtu hadi mtu. Zinafaa kuonyesha na kubofya. Watu wawili wakiburuta vitu kwa pamoja, mambo huharibika.

Linux imekwenda mbali zaidi. Mfumo wake mkongwe wa skrini, X, una uwezo wa mishale mingi tangu 2009, kazi ambayo Peter Hutterer aliianza akiwa mtafiti huko Australia. Hatua zake ni tatu. Fungua dirisha la amri uandike xinput list, upate orodha ya vifaa na namba zake. Kisha xinput create-master Pili, na hapo hapo mshale wa pili unatokea kwenye skrini. Mwisho, xinput reattach ikifuatwa na namba ya kipanya kipya na jina "Pili pointer" likiwa ndani ya alama za kunukuu. Kuanzia hapo kila kipanya kina mshale wake. Kibodi ya pili nayo inaweza kufungwa na mshale huo kwa njia ile ile, na watu wawili wakaandika katika madirisha mawili kwa wakati mmoja. Mipangilio hii hufutika mashine ikizimwa, kwa hiyo anayeitaka ya kudumu huziweka amri hizo katika faili linaloendeshwa kila mtu anapoingia.

Inapendeza kuiona kwa macho. Kuitumia kila siku kunachosha. Mishale yote miwili hufanana, programu nyingi hazikuandikwa zikitarajia mikono miwili, na menyu iliyofunguliwa na mmoja inaweza kujifunga mwingine anapobofya kando. Isitoshe, matoleo mapya ya Linux yamehamia mfumo mwingine wa skrini, Wayland, ambako amri hizi hazina nguvu hiyo tena. Bahati ni kwamba kompyuta kuukuu za shule zetu huendeshwa vizuri zaidi na Linux nyepesi kama zile za Xfce, na nyingi za hizo bado zinatumia X.

Kuna wanaosema: kama ni kugawana, tugawane sipiyu nzima. Weka kadi ya pili ya skrini, kibodi ya pili na kipanya cha pili, na Linux itakupa viti viwili vinavyojitegemea kabisa, kila mtu na jina lake la kuingilia. Kampuni ya NComputing iliuza vifaa vya aina hiyo ambavyo viliingia katika shule za Kenya na Uganda. Kadi zake mbili za X550 ziliwezesha watu 11 kutumia sipiyu moja. Microsoft nayo ilikuwa na toleo lake, MultiPoint Server, la mwaka 2010, ikaja kuliondoa kwenye Windows Server ya 2019. Njia hii inajibu lile swali la dhamana kuliko zote, kwani kila mbofyo una mwenyewe. Ila inahitaji skrini kwa kila mtu, na sipiyu hiyo moja ikiungua, darasa zima linarudi kwenye ubao.

Umeme nao una neno lake. Kanuni za USB zinakipa kifaa kidogo miliampia 100, ambazo kwa volti 5 ni nusu wati. Kompyuta ya mezani na skrini yake hula wati 100 hivi. Kwa shule ya kijijini inayotegemea sola, au ambayo umeme wake hukatika alasiri, kuongeza mikono bila kuongeza mashine ni hesabu inayoingia akilini. Hapo ndipo nakubali kwamba vipanya vingi vina hoja ambayo vishikwambi na NComputing havina.

Ununuzi wenyewe hauna mengi. Katika ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, kompyuta na vifaa vya kuingizia data hutozwa asilimia 0 ya ushuru wa forodha, kwa hiyo anayevuka Busia na boksi la vipanya vya magendo anajihatarisha kwa faida ndogo kuliko anavyodhani. (Asidanganywe pia na utaratibu rahisi wa biashara ndogo, ule wa bidhaa zisizozidi dola 2,000: ni wa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya jumuiya, na kipanya kinatoka China.) Kwa watu wengi chagua chenye waya. Visivyo na waya hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, na tundu la USB 3 lenye pilikapilika linaweza kuyavuruga ukikichomeka kipokezi jirani yake. Katika maabara vipokezi huchanganyika, ukasukuma kipanya hapa mshale ukaenda kwa jirani. Betri huisha katikati ya somo. Na kifaa kisicho na waya hutoweka. Viwe vya mwanga. Vile vya zamani vyenye kigololo ndani havimalizi muhula karibu na barabara zenye vumbi. Kwenye meza yenye kioo au rangi inayong’aa, weka karatasi chini, maana mwanga huo hauoni kitu juu ya kioo.

Nikiwa mwalimu wa TEHAMA mwenye fedha za vipanya kumi tu, nisingeviweka kumi hivyo kwenye mashine kumi. Ningeanza na cha kwangu, chenye waya mrefu, kwenye kompyuta iliyounganishwa na projekta, ili mwanafunzi aliyeitwa mbele aendeshe huku mimi nikiweza kuushika mshale akikwama. Vinne vingine ningevipeleka kwenye mabenchi yenye msongamano mkubwa, kwa kanuni moja: mwenye kipanya cha kushoto anaonyesha, wa kulia anabofya, na kila robo saa wanahama nafasi, wa dirishani akianza. Programu haihitajiki, mshale mmoja wa Windows unatosha kwa kanuni hiyo. Vitano vilivyobaki vingekaa kabatini. Siku ya mtihani wa vitendo kila mtahiniwa hukaa peke yake na mashine yake, vipanya vya pili vyote huchomolewa, na ndipo inapogundulika kwamba mashine ya tatu na ya saba hazina hata cha kwanza kinachofanya kazi.